Rekodi za serikali na usalama wa mtumishi: mstari upite wapi?

Tangu sheria za kulinda taarifa binafsi zianze kutumika Kenya na Tanzania, jibu moja limekuwa jepesi mno mdomoni mwa ofisi za umma: "Hizo ni taarifa za mtu, haturuhusiwi kuzitoa." Anayeuliza nani aliidhinisha malipo ya mradi hulipata, na anayetaka kujua kama mtumishi fulani ana sifa za kazi aliyopewa hulipata vilevile. Upande wa pili imeenea imani kwamba anayelipwa kwa kodi hana siri, na kwamba namba yake ya simu na nyumba anayolala ni mali ya umma. Juni 2024, katika maandamano ya kupinga Muswada wa Fedha nchini Kenya, namba za simu za wabunge zilisambazwa mitandaoni, na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ikalazimika kutoa onyo. Wananchi wengi walibaki wakijiuliza: haki ya kujua inaishia wapi, na haki ya mtumishi kuishi kwa amani inaanzia wapi?

Pande hizo mbili zina kosa moja. Kila mmoja huichukulia rekodi kama kitu kizima, cha kutolewa chote au kufungiwa chote. Uchambuzi huu unashikilia kwamba mizani ipo na haihitaji miujiza, ila haipatikani kwa kulipima faili zima. Hupatikana kwa kupima kila kipengele ndani ya faili na kuuliza kama kinaeleza namna mamlaka ya umma yalivyotumika, au kinaeleza tu maisha ya mtu baada ya saa za kazi.

Mkanganyiko ulikotoka

Kikatiba, haki hizi ni majirani. Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda faragha katika ibara ya 31 na haki ya kupata habari katika ibara ya 35. Katiba ya Tanzania ya 1977 inazigusa katika ibara za 16 na 18. Sheria za utekelezaji ndizo zilizokuja kwa zamu. Nchi zote mbili zilitunga sheria ya kupata habari mwaka 2016. Ulinzi wa data ulifuata baadaye: Kenya mwaka 2019, na Tanzania kwa Sheria Na. 11 ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kila sheria ilikuja na msimamizi wake. Kenya, malalamiko ya kunyimwa habari huenda kwa Ombudsman na malalamiko ya faragha huenda kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Tanzania, ulinzi wa data una tume yake, lakini anayenyimwa habari huanza kwa mkuu wa taasisi iliyomnyima na kisha hukata rufaa kwa waziri. Kwa hiyo kila haki ina mlezi wake, na hakuna aliyekabidhiwa zote mbili azipime pamoja.

Ukizisoma kwa makini, sheria zenyewe hazigombani. Kifungu cha 6 cha sheria ya Kenya ya 2016 kinaruhusu kuzuia habari inayohatarisha usalama, afya au uhai wa mtu, au inayoingilia faragha yake isivyostahili, kisha kinaacha mlango wazi pale maslahi ya umma yanapozidi madhara. Sheria ya data ya 2019 nayo, katika kifungu cha 51, inatoa msamaha pale utoaji wa taarifa unapotakiwa na sheria nyingine au amri ya mahakama. Sheria ya Tanzania ya 2016 ina vizuizi vya namna hiyohiyo kuhusu usalama wa mtu na faragha. Hakuna mahali panaposema jina la mtumishi likionekana kwenye karatasi, karatasi hiyo imekuwa ya siri.

Kinachogombana ni hofu za afisa anayepokea ombi. Kamishna wa Data wa Kenya anaweza kutoza faini ya hadi shilingi milioni 5 kwa ukiukaji wa sheria yake, ilhali afisa anayekataa ombi la habari mara nyingi hukabiliwa tu na barua ya malalamiko itakayochukua miezi kujibiwa. Juu ya hayo kuna malezi ya kazi. Sheria ya Siri za Serikali ya Kenya ni ya 1968 na Sheria ya Usalama wa Taifa ya Tanzania ni ya 1970. Vizazi vya watumishi vilijifunza kazi vikijua kwamba anayetoa karatasi ndiye anayejitia matatani, si anayeificha. Sheria ya data haikuuanzisha ukimya huo. Iliupa tu sababu mpya, yenye sura ya heshima zaidi kuliko ile ya "siri za serikali".

Hoja ya uwazi: nguvu na udhaifu wake

Watetezi wa uwazi wana ushahidi mzito. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilitangaza kugundua watumishi hewa zaidi ya 10,000 katika orodha ya mishahara. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ya Kenya iliripoti kwamba kati ya vyeti karibu 28,000 vilivyohakikiwa, 2,067 vilikuwa vya kughushi. Udanganyifu wa aina hii hunawiri kwa sababu orodha za watumishi huonwa na wachache, na baadhi ya hao wachache ndio wanaonufaika. Mtumishi hewa hawezi kuripoti kazini. Wanaoweza kusema hawajawahi kumwona ni majirani wa zahanati na wazazi wa shule aliyoandikiwa. Bila majina na vituo vya kazi, ukaguzi huo wa wananchi haupo.

Mahakama nazo zimeunga mkono. Mwaka 2017, katika shauri la Katiba Institute dhidi ya kitengo cha rais cha usimamizi wa miradi, Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru serikali itoe taarifa za matangazo ya kujisifia yaliyotolewa karibu na uchaguzi, zikiwemo gharama zake na walioyaidhinisha. Nguvu ya hoja hii ni kwamba haimlazimishi mwananchi kujieleza: sheria ya Kenya inasema haki ya kupata habari haitegemei sababu za mwombaji. Hilo linamlinda raia wa kawaida dhidi ya afisa anayeuliza "unaitakia nini?" huku akijua jibu lolote litakuwa kosa.

Lakini hapohapo ndipo penye udhaifu. Ikiwa sababu haiulizwi, basi kinachotolewa kwa mtafiti mwaminifu kimetolewa pia kwa mdai mwenye hasira, mume anayemsaka mke aliyemkimbia, na genge lenye kisasi na mpelelezi. Uwazi pia una makosa ya wingi. Aprili 28, 2017, Rais John Magufuli alipokea Dodoma ripoti ya uhakiki wa vyeti, na majina ya watumishi 9,932 waliodaiwa kuwa na vyeti feki yakatangazwa hadharani. Wengi walistahili kuondolewa. Baadhi walikata rufaa na ikabainika hawakustahili kuwamo. Barua ya kurejeshwa kazini humfikia mtu mmoja. Jina lililochapishwa magazetini lilikuwa limekwisha kufika kijijini, kanisani, msikitini na benki. Uwazi huo ulifichua ufisadi wa kweli, na gharama ya makosa yake waliibeba wasio na hatia, kwa sababu orodha ilitangulia na nafasi ya kujitetea ikafuata.

Hoja ya ulinzi: nguvu na udhaifu wake

Hofu ya watumishi haikutungwa. Chris Msando, meneja wa teknolojia wa tume ya uchaguzi ya Kenya, IEBC, aliuawa siku chache kabla ya uchaguzi wa Agosti 8, 2017. Miaka mitano baadaye, msimamizi wa uchaguzi wa Embakasi Mashariki alitoweka wakati wa kujumlisha kura na mwili wake ukapatikana baada ya siku chache. Kuna kazi ambazo hatari yake humfuata mtu mpaka nyumbani: askari magereza, mpelelezi wa dawa za kulevya, askari wa wanyamapori anayeishi kijiji kimoja na ndugu za majangili aliowakamata. Kwa watu hawa anwani ya makazi ni suala la uhai.

Mfano ulio wazi kuliko yote umetoka Ireland ya Kaskazini. Agosti 8, 2023, polisi wa huko walijibu ombi la habari lililotaka idadi ya watumishi kwa kila cheo. Ndani ya jedwali walilotuma kulikuwa na ukurasa uliofichika, wenye majina ya ukoo, herufi za kwanza, vyeo na vituo vya watumishi 9,483, na ulikaa mtandaoni kwa saa kadhaa kabla ya kuondolewa. Katika nchi ambayo makundi yenye silaha bado huwalenga polisi, wapo wanaoficha kazi yao hata kwa jamaa zao. Mkuu wa polisi alijiuzulu mwezi uliofuata, na mwaka 2024 jeshi hilo likatozwa faini ya pauni 750,000. Mwaka huohuo wa 2023, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, katika shauri la L.B. dhidi ya Hungary, iliamua kwamba kuchapisha anwani za nyumbani za wadaiwa wa kodi kulikiuka faragha, kwa kuwa bunge halikuwa limepima kama anwani hiyo inahitajika kutimiza lengo.

Hata hivyo matukio haya yanafundisha jambo tofauti na lile linalodaiwa. Ombi la Ireland ya Kaskazini lingeweza kujibiwa kikamilifu bila jina hata moja: mwombaji alitaka idadi. Madhara yalitokana na uzembe wa kushughulikia faili, wala hayakutokana na haki ya kuuliza. Mauaji yaliyotajwa Kenya nayo hayakuhitaji nyaraka zilizochapishwa. Waathirika walijulikana kwa kazi yao, na walichohitaji ni ulinzi. Isitoshe, wakati mwingine uwazi wenyewe ndio ngao. Agosti 2022 IEBC iliweka mtandaoni Fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000, kila moja ikiwa na jina na sahihi ya msimamizi wa kituo. Matokeo ya kituo yakishaonwa na nchi nzima, faida ya kumtisha msimamizi ili ayabadilishe hupungua sana. Mtumishi huwa hatarini zaidi pale anapokuwa peke yake na karatasi ambayo wengine hawajaiona.

Hoja ya usalama pia hukopwa na wasiostahili. Jedwali la sita la Sheria ya Huduma ya Polisi ya Kenya ya 2011 linamtaka askari mwenye sare aweke mahali panapoonekana jina lake au namba yake ya utumishi. Hata hivyo, katika maandamano ya 2024 walionekana maafisa waliofunika nyuso na magari yaliyofichwa namba, na Agosti mwaka huo Mahakama Kuu ilitoa amri ya kukataza hali hiyo. Hapo usalama wa mtumishi uligeuzwa kuwa usalama dhidi ya kuwajibishwa.

Njia za kati zilizojaribiwa

Nchi nyingine zimechora mstari kwa namna mbalimbali, na kila namna ina bei yake. Sweden, yenye sheria ya uwazi tangu 1766, huanza na uwazi kama kanuni na kuifanya siri kuwa ubaguzi unaohitaji kifungu maalumu cha sheria. Imani ya umma hunufaika, ila mfumo huo umesimama juu ya polisi na mahakama zinazoaminika. Ukiuhamishia mahali ambapo mtumishi akitishwa hana pa kukimbilia, unahamisha nusu yake tu. Norway ilipoona rekodi zake za kodi zinageuka kuwa kitu cha kupekua jirani, kuanzia mwaka 2014 ilimwezesha anayetafutwa kuona nani amemtafuta, na upekuzi ukapungua sana bila rekodi kufungwa. Lakini dawa hiyo ina makali: mwandishi anayechunguza tajiri naye huonekana kabla hajamaliza kazi.

India ilikwenda mbali zaidi katika malipo. Sheria yake ya 2005 inaitaka kila taasisi ya umma ichapishe malipo ya mwezi ya kila afisa na mfanyakazi. Kenya ilichagua njia ya wastani: taasisi huchapisha viwango vya mishahara kwa daraja, na mishahara ya maafisa wa dola hutangazwa katika gazeti rasmi la serikali. Njia ya Kenya inamlinda karani asihesabiwe fedha zake na kila mkopeshaji wa mtaani, lakini haimfichui mtumishi hewa, kwa sababu daraja halina jina. India nayo ni onyo upande wa pili. Sheria yake ya data ya 2023 ilibadilisha kifungu cha faragha katika sheria ya habari na kuondoa ndani yake masharti yaliyomlazimisha afisa kuangalia kama taarifa inahusu shughuli ya umma. Upimaji wa jumla umebaki katika kifungu kingine, lakini afisa mwoga sasa ana neno moja tu la kusoma kabla ya kukataa.

Namna ya kupima

Kutokana na haya, vipimo vinne vinajitokeza. Cha kwanza na kikuu ni uhusiano wa kipengele na mamlaka. Jina la aliyesaini hati, cheo chake, tarehe, sifa zilizompa kazi na posho aliyolipwa kwa safari ya serikali ni sehemu ya tendo la umma. Anwani ya nyumbani, simu binafsi, akaunti ya benki, ugonjwa alioombea likizo na majina ya watoto si sehemu yake, hata vikiwa katika faili lilelile. Cha pili ni ukubwa wa madaraka. Waziri, katibu mkuu na mkuu wa manunuzi wamechukua nafasi ya kuamua fedha za wengine, hivyo mali zao na maslahi yao yanastahili kuonwa kwa kiwango ambacho dereva wa ofisi hapaswi kutakiwa.

Kipimo cha tatu ni hatari yenye ushahidi. Kusema tu "usalama" kusitoshe. Ofisi ieleze ni kundi gani la watumishi, linatishwa na nani, na kipengele kipi kingeongeza tishio. Pale hatari inapothibitika, namba ichukue nafasi ya jina. Watumishi tayari wanazo: Tanzania kila aliye katika orodha ya mishahara ana cheki namba, walimu wa Kenya wana namba ya tume ya walimu, TSC, polisi wana namba ya utumishi. Cha nne ni muda. Jina la mpelelezi linaweza kufichwa kesi ikiendelea na kufunguliwa baadaye. Jina la mtuhumiwa wa cheti feki nalo lisubiri mpaka apate nafasi ya kujibu, kisha litangazwe bila huruma ikiwa kosa limethibitika. Kipimo hiki peke yake kingewaepusha na aibu wale waliorejeshwa kazini Tanzania baada ya rufaa.

Pingamizi na majibu

Watakuwepo wanaosema kutenganisha vipengele ni kazi kubwa na ofisi hazina watu. Kwa nyaraka za zamani hoja hiyo ina uzito. Kwa nyaraka mpya, tiba iko mwanzoni: fomu ziundwe zikiwa na sehemu ya tendo na sehemu ya mtu, ili ya kwanza itolewe bila kuigusa ya pili. Gharama ya kufanya hivyo ni ndogo ukiilinganisha na faini na uhamisho wa familia baada ya uvujaji.

Wengine watasema namba badala ya jina ni kificho kingine, na wako sahihi ikiwa ufunguo wa namba unashikwa na mtuhumiwa mwenyewe. Namba huleta uwajibikaji pale tu chombo huru, mfano IPOA inayosimamia polisi Kenya, kinapoweza kudai jina na kulipata ndani ya muda maalumu. Wapo pia wanaokumbusha kwamba karani mdogo wa ardhi anaweza kula rushwa kubwa kuliko mkurugenzi. Ni kweli, ndiyo maana kipimo cha kwanza kinatangulia kipimo cha cheo: jina lake lionekane kwenye kila hati aliyoigusa. Cheo chake kidogo kinamwondolea mzigo wa kuanika mali zake. Hakimwondolei mzigo wa kujibu kwa alichosaini.

Pingamizi gumu zaidi ni la vipande kuunganishwa. Jina halina madhara, kituo hakina madhara, ratiba haina madhara. Vikiwekwa pamoja, mtu amepatikana. Upimaji wa kipengele kimoja kimoja hauwezi kulijibu hili kikamilifu, na inafaa ukiri hivyo. Kwa kada zenye hatari iliyothibitishwa, orodha nzima ipimwe kama kitu kimoja, na umma upewe idadi, bajeti na matokeo ya kazi badala ya majina. Ubaguzi huo uandikwe katika sheria kada kwa kada, usiachiwe kila mkuu wa idara ajiundie wake.

Kwa muhtasari

Wanaotaka kila kitu kiwe wazi wana haki kuhusu tendo la umma, lakini wanajisahau wanapomfuata mtendaji hadi nyumbani kwake. Wanaotaka ulinzi wana haki kuhusu uhai na familia ya mtumishi, lakini wanapotoka wanapoligeuza kila jina kuwa siri. Sheria za Kenya na Tanzania zinaruhusu njia inayopita kati yao: tendo liwe wazi, maisha binafsi yalindwe, mkubwa aonwe zaidi kuliko mdogo, hatari ithibitishwe, na tuhuma isubiri utetezi. Kinachokosekana ni mwamuzi. Madhali anayeamua nini kifichwe ni ofisi ileile inayoulizwa, au waziri wake, hata kipimo kizuri kitapimwa kwa mkono wenye maslahi. Marekebisho ya kwanza kudaiwa, basi, ni chombo huru kimoja chenye mamlaka ya kusikiliza haki zote mbili katika shauri moja, kutoa uamuzi ndani ya muda uliowekwa, na kumwadhibu anayeficha bila sababu sawasawa na anayevujisha bila kujali.